Mtoto Aliyemshika Baba Asianguke

Ukimtafuta Nashon Were siku ya kazi, usihangaike kutazama huku chini. Inua shingo. Kazi yake ni kuosha vioo vya maghorofa ya katikati ya jiji, yale marefu ambayo hakuna ngazi inayoyafikia. Hufungwa kamba mbili juu ya paa, akateremka polepole na ndoo kiunoni, akipangusa vumbi la Nairobi kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Watu wa ofisini wakiwa kwenye mikutano humwona akipita dirishani, wakampungia mkono. Wengine huvuta mapazia, sijui huwa wanaficha nini.

Ni mtu mfupi, mcheshi, mzaliwa wa Butula kule Busia, na amekaa Kangemi tangu ujana wake. Kwake ni chumba kimoja na nusu katika ploti, ghorofa la vyumba vya kupanga nyuma ya soko. Hiyo nusu ni pazia. Humo anaishi na mkewe Everlyn, anayefuma sweta za shule kwa mashine, na watoto wao wawili: Ajiambo, msichana wa gredi ya sita, na Maxwell, mdogo wake, ambaye kazi yake kubwa duniani ni kupoteza vitu.

Watu wa kamba wana sheria yao. Kabla hujateremka, mwenzako anakagua mafundo yako, tena kwa mikono, si kwa macho. Akiridhika anakupiga kofi la mgongo na kusema, "Imeshika." Ukishaambiwa imeshika, hugusi tena. Ukigusa, unateremka kwa ngazi za ndani na siku hiyo huendi hewani. Mwenzake Nashon ni Makau, Mkamba mrefu ambaye akiwa kazini hacheki hata umtekenye. Wawili hao waliwahi kumwona jamaa mmoja akiharibika kwa kugusa tena. Alikuwa fundi hodari. Akaanza kukagua fundo lililokwisha kukaguliwa, akakagua tena, mpaka siku moja akaketi ukingoni mwa paa asubuhi nzima, mkono kwenye fundo, haendi mbele harudi nyuma. Ilibidi atafutiwe kazi ya chini.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu Nashon aliyajua yote haya, na bado hakuyaona yalipoingia nyumbani kwake.

Mambo yalianzia kanisani, tena kwa furaha tele. Wiki hiyo upepo ulikuwa umemzungusha Nashon hewani hadi bega likagonga kioo, na Jumapili akasimama kutoa ushuhuda. Kanisa lao la mabati linapenda ushuhuda kuliko mahubiri, na Nashon akishika kipaza sauti hata watoto huacha kulia.

"Bwana asifiwe! Mnadhani ni kamba inanishika? Kamba ni kitu ya dukani! Mimi nashikwa na maombi ya huyu mtoto wangu Ajiambo. Kila asubuhi nikitoka ananiombea. Siku ataacha, njooni na machela mniokote!"

Kanisa likapasuka kwa vicheko na haleluya. Mchungaji Jamleck akamwita Ajiambo mbele, akamwinua mkono juu kama bondia aliyeshinda, na akina mama wakapiga vigelegele. Kuanzia siku hiyo akawa mtoto wa maombi. Akina mama wa ploti waliwatolea mabinti zao mfano wake mpaka mabinti wakamchukia, maskini.

Ajiambo pekee ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa mtoto, na babake alikuwa amesema mbele ya watu wote, kwenye kipaza sauti, kwamba akiacha kumwombea ataanguka afe. Yeye aliyachukua maneno vile yalivyosemwa.

Maombi yakaanza kurefuka. Mwanzoni ilikuwa ni kidogo tu mlangoni, baba kainamisha kichwa, amina, kwaheri. Halafu Ajiambo akawa anarudia, kwamba amelitamka jina la baba vibaya. Halafu ikabidi apige magoti. Halafu Maxwell akikohoa katikati, yote yanaharibika na inabidi kuanza mwanzo. Nashon alisimama pale mlangoni akitabasamu, mkoba begani, akichelewa kazini na akijivunia. Alipowasimulia wenzake kwenye paa, alisema, "Nyinyi mna bima. Mimi niko na Ajiambo."

Everlyn ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kutabasamu. Mama anayemwogesha mtoto na kumfulia huona vitu. Aliona magoti ya Ajiambo yameota sugu. Aliona midomo imekauka kwa kunong'ona, hata mtoto akila, hata akipiga mswaki. Aliona chakula kinarudi jikoni. Shuleni, mwalimu alimwita na kumwambia kwamba Ajiambo, ambaye zamani alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole, sasa huomba ruhusa ya kwenda msalani katikati ya kila somo, na ukimfuata unamkuta amepiga magoti kwenye saruji yenye maji.

"Baba Ajiambo," Everlyn alisema jioni moja, mashine ya kufuma imenyamaza, "huyu mtoto ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini? Ana homa?"

"Hana homa."

"Anatapika?"

"Wacha mchezo. Niliuliza muuguzi pale kituo cha afya. Aliniambia hata watoto hugonjeka akili, na kuna kliniki yao."

Nashon aliruka kana kwamba amemwagiwa chai moto. "Akili? Ajiambo? Mtoto anaomba Mungu, wewe unamwita mwenda wazimu? Watoto wa wenzetu wako huko nje wanavuta bangi, wetu anapiga magoti, na wewe unalia?"

"Mtu akiomba si huwa anapata amani?" Everlyn aliuliza. "Huyu akimaliza kuomba ndio anatetemeka zaidi. Umewahi kumwangalia akimaliza?"

Hakuwa amewahi. Akimaliza, yeye huwa tayari anashuka ngazi mbiombio. Lakini mwanamume akishakasirika hakubali kitu kama hicho, na Nashon alikasirika siku mbili nzima. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa neno lenyewe, na majirani, na mamake kule Butula ambaye angesema mtoto amerogwa. Na chini kabisa, mahali ambapo hakuthubutu kupagusa, aliogopa kwenda hewani bila yale maombi.

Wiki iliyofuata walikuwa wakiosha jengo moja refu karibu na Kenyatta Avenue. Nashon alikuwa katikati ya ukuta, sabuni hadi kwenye kiwiko, alipoona watu wamejazana chini barabarani. Katikati ya jiji watu hujazana kwa lolote: mwizi, mhubiri, mwuza dawa ya panya. Akaendelea kupangusa. Alipoteremka ghorofa mbili zaidi, akaona kwamba katikati ya watu wale kuna sweta ya kijani. Sweta ile aliijua. Ilifumwa nyumbani kwake, na mistari miwili ya manjano mkononi kwa sababu uzi wa kijani uliisha.

Jinsi alivyofika chini hata yeye hakumbuki vizuri. Makau anasema hajawahi kuona mtu akiachia kamba hivyo na akabaki hai.

Ajiambo alikuwa ametoroka shule. Alikuwa ametembea kutoka Kangemi, akaifuata Waiyaki Way yote, akapita Westlands, akaingia mjini, peke yake, akiuliza watu wa ulinzi mlangoni mwa kila jengo refu kama hapa ndipo wanapoosha madirisha. Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye lami, macho yamefumbwa, mikono imekazwa chini ya kidevu. Mama mmoja alikuwa amemwekea sarafu mbele yake akidhani ni ombaomba. Kijana mwingine alikuwa akimpiga picha, na Makau, ambaye naye alikuwa ameshafika chini kwa ngazi za ndani, akamnyang'anya simu.

"Ajiambo! Ajia! Ni mimi, Baba. Niko hapa. Sijaanguka, ona!"

Mtoto akafumbua macho. Alimwona. Nashon anasema mpaka leo kwamba alitegemea ataruka na kumkumbatia. Badala yake Ajiambo alimtazama kwa hofu, machozi yakaanza kutiririka, akasema, "Baba, umeniharibia. Nilikuwa karibu kumaliza. Sasa lazima nianze tena." Akafumba macho.

Babake alikuwa mbele yake, mzima, miguu yote miwili ardhini, anamshika mabega, na yeye bado alikuwa anamwombea asianguke.

Nashon alipiga magoti pale pale kwenye lami, mkanda wa kazi bado kiunoni. Akainua macho kumtazama Makau, na Makau akamtazama yeye, na hakuna aliyelitaja jina la yule jamaa wa ukingoni mwa paa. Hapakuwa na haja.

"Hii si maombi, Were," Makau alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mtoto ameshikwa. Mpeleke hospitali, ndugu yangu. Mimi nitamaliza ukuta."

Jioni ile Nashon alifika nyumbani akiwa amembeba Ajiambo mgongoni, msichana mkubwa hivyo, miguu inaning'inia. Alimwambia mkewe, "Mama Ajiambo, nilikosa. Hiyo kliniki iko wapi?" Everlyn hakumwambia, "Si nilikwambia?" Ni mwanamke wa ajabu, mimi ningemwambia.

Kliniki ya akili ya watoto, katika hospitali kubwa ya serikali, haikuwa kama Nashon alivyoiwazia. Hapakuwa na vyuma madirishani wala mtu anayepiga kelele. Kulikuwa na foleni ndefu, hiyo ipo kila mahali, na wazazi kama yeye, wakitazamana kwa aibu na kisha, baada ya muda, wakiulizana mahali pa kununua mandazi. Daktari wao, Mwihaki, alikuwa mama kijana mwenye sauti ya polepole. Aliongea na Ajiambo kwanza, wazazi wakiwa nje. Mtoto alipotoka alikuwa amelia, lakini midomo yake ilikuwa imetulia.

"Ameniambia anachoka sana," daktari aliwaambia. "Hakuna aliyewahi kumwuliza kama anachoka."

Woi! Everlyn alijifunika uso na kitambaa.

Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo unajulikana, na unatibika. Wengine unawafanya waoshe mikono mpaka itoke damu, wengine unawarudisha mlangoni kuangalia kama wamefunga, na wengine, wakiwa watoto wa kanisani, unajificha ndani ya maombi, mahali ambapo hakuna anayeushuku. Hofu inamwambia mtoto, rudia, la sivyo baba atakufa. Akirudia, hofu inatulia kidogo, halafu inarudi ikidai zaidi. Dawa kubwa ni kumzoesha kukaa na ile hofu bila kuitii, mpaka aone kwamba inapita yenyewe.

"Sasa Baba, wewe ndiye uko na kazi ngumu," daktari akasema. "Asubuhi akikuuliza, 'Baba, utarudi?' wewe unajibu nini?"

"Namwambia nitarudi. Namwapia."

"Usimwambie tena."

"Ati nini?"

"Kila ukimwapia, anahitaji uape tena. Mwambie: sijui, naenda kazini, nakupenda. Basi."

Nashon alimtazama daktari kama mtu aliyeambiwa ampige mtoto kofi. Baba gani anamwambia mwanawe hajui kama atarudi? Lakini alikuwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe, na hakuja kubishana.

Kwanza alijaribu ujanja wake. Alimfundisha Ajiambo sheria ya kamba: unaomba mara moja, unasema "Imeshika," hugusi tena. Ilionekana jambo zuri sana. Alijisifu hadi kwa Makau. Haikupita muda, Everlyn akamkuta mtoto nyuma ya pazia akisema imeshika, imeshika, imeshika, imeshika, mpaka sauti imekauka. Daktari Mwihaki hakumgombeza Nashon. Alicheka kidogo, akasema ugonjwa huu ni mjanja kuliko wao wote, ukiupa kitu chochote cha kushikilia utakishika. "Asishike chochote. Mwache mikono mitupu."

Kisha kulikuwa na lile jambo la kanisani. Nashon alimwendea Mchungaji Jamleck na kumweleza yote, akiwa amejiandaa kwa ugomvi.  Mchungaji alisema, "Mimi ndiye nilimwinua mkono. Nilimpa mtoto kazi ya Mungu. Njoo Jumapili usahihishe."

Basi Jumapili Nashon akashika tena kipaza sauti, jasho linamtoka kuliko siku ya jua kwenye paa. "Bwana asifiwe. Ule ushuhuda niliotoa hapa nilitia chumvi. Inayonishika ni kamba. Ni kamba, na Makau, ambaye hata haendi kanisa. Na Mungu yuko, na hahitaji mtoto wa gredi ya sita amsaidie usiku na mchana. Nikianguka, haitakuwa kosa ya Ajiambo." Hakuna aliyesema haleluya.  Halafu mama mmoja wa kwaya, mtu mkimya ambaye hakuna aliyewahi kumsikia nje ya nyimbo, akamfuata Everlyn nje baada ya ibada na kumwuliza kwa kunong'ona hiyo kliniki hufunguliwa siku gani, kwa sababu kijana wake hajatoka chumbani tangu mwezi wa Desemba.

Asubuhi za mwanzo zilikuwa mbaya, tusidanganyane. Ajiambo aling'ang'ania mkoba wa babake. Alipiga mayowe ploti nzima ikasikia. "Baba, utarudi?" Naye Nashon alimjibu, "Sijui, mama. Naenda kazini. Nakupenda." Halafu anashuka zile ngazi akisikia kilio nyuma yake, na Everlyn amemshika mtoto, hawapigi magoti, wamekaa tu na ile hofu wawili hao mpaka ipungue, kisha wanaenda shule. Mama fulani wa chumba cha pili alisema hawa wazazi wana roho mbaya. Everlyn alimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa.

Kilio kikafupika. Kuna juma kilirudi chote, wakaanza upya. Kikafupika tena. Ajiambo akaanza kumaliza chakula. Mwalimu akasema kidole kimeonekana tena darasani. Bado aliuliza swali lake kila asubuhi, lakini sasa aliliuliza amesimama, na akijibiwa alikunja uso, akapumua, akaenda kutafuta viatu.

Halafu ikaja siku ya Jumatano moja, siku isiyo na lolote. Maxwell alikuwa amepoteza soksi ya dadake. Ajiambo alikuwa chini ya kitanda, miguu nje, akimwahidi mdogo wake mambo mazito. "Nitakupiga mpaka usahau jina lako! Ulikuwa unacheza mpira na soksi yangu!" Nashon alikuwa mlangoni, mkoba begani, akingoja swali. Akangoja. Akakohoa. Everlyn alikuwa akimtazama kutoka kwenye mashine yake, macho yamejaa maji na mdomo unacheka, akampungia mkono kwa nguvu: nenda, nenda!

Akaenda. Hakuna aliyemwuliza kitu, hakuna aliyemwombea mlangoni. Alishuka ngazi kimya kimya kama mwizi.

Juu ya paa Makau alikagua mafundo yake, akampiga kofi mgongoni. "Imeshika."

Nashon alifika ukingoni. Chini magari yalikuwa madogo. Na pale, mtu aliyening'inia juu ya jiji hili miaka yote hiyo aliogopa, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu isipokuwa kamba. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fundo.

"Were," Makau akasema. "Ukigusa, unatumia ngazi."

Mkono ukasimama hewani. Ndipo Nashon alipojua alichokuwa amembebesha mtoto wake muda wote ule, uzito wake kamili, kwa sababu sasa alikuwa ameubeba mwenyewe. Alilia kidogo, na hakuona haya kwa Makau. Akakaa na ile hofu jinsi Ajiambo alivyofundishwa kukaa nayo. Ilipopungua akaurudisha mkono pembeni, akageuza mgongo, akaachia uzito wake wote kwenye kamba, na kamba ikamshika.

Jioni alifika nyumbani akinuka sabuni. Ajiambo alikuwa sakafuni akifanya hesabu za shule, miguu imenyooshwa, soksi moja ya kijani na nyingine nyeupe. Aliinua kichwa mara moja.

"Baba, shikamoo. Kwani leo ulitoka saa ngapi? Sikukuona."

"Marahaba. Nilitoka tu," Nashon akajibu.

"Sawa," mtoto akasema, akarudi kwenye hesabu zake.